Kuacha Kazi kwa Kuaga



Msimu wa pamba unapofungwa na fedha ya mauzo kuingia mikononi, mabasi yaendayo Bariadi na Mwanza hujaa vijana wa Lingeka na vijiji jirani. Mmoja anakwenda kulinda geti la ghala, mwingine kusukuma mkokoteni sokoni, mwingine kubeba zege kwenye ujenzi. Miezi michache baadaye mabasi hayohayo huwarudisha baadhi yao. Ukimwuliza aliyerudi kilichotokea, jibu aghalabu ni fupi: "Nimeacha kazi." Ukiendelea kuuliza kama aliandika barua, kama alilipwa siku zake za likizo, kama anajua michango yake ya hifadhi ya jamii ilifika au haikufika, hunyamaza, au hucheka kidogo na kubadilisha mazungumzo.

Somo la toleo hili linahusu ukimya huo. Halikusudii kumshawishi mtu aache kazi, wala kumkataza. Mtu mzima anajua mahali moyo wake ulipo. Linakusudia kueleza kwamba kuacha kazi kuna taratibu zake kama kulivyo kuajiriwa, na kwamba anayeondoka bila kuaga humwachia mwajiri jasho lake mwenyewe.

Niseme pia kwamba mwandishi wa ukurasa huu hasomeshi asichokipitia. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja mjini. Kazi ilikuwa kuhesabu magunia yanayoingia, kuhesabu yanayotoka, na kutia sahihi. Haikuwa kazi mbaya, ila kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa mtupu. Mwezi mmoja, mara baada ya kupokea mshahara, nilizima simu nikapanda basi. Nilijiona jasiri. Mwaka uliofuata nilipata nafasi nzuri mahali pengine, nikatakiwa kuleta cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri wa awali. Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Jalada langu lilikuwa na karatasi moja tu ya mwisho: barua ya kunifukuza kwa utoro, yenye tarehe ya wiki ya pili baada ya kuondoka kwangu. Sikuwa na wa kumlaumu.

Kazi moja haikuwa jina la mtu

Tukitazama nyuma, wazee wetu wa Usukuma hawakuijua hofu hii ya kuacha kazi, kwa kuwa hawakuwa na kazi moja. Mtu alilima masika, akachunga kiangazi, akajenga au kusuka kati ya hayo. Misafara ilitoka huku ikaenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi na kurudi kuiuza. Walikuwapo wayeye waliojua nyoka na dawa zake, wakiwa na chama chao na ngoma yao, na bado kila mmoja wao alikuwa na shamba. Vijana wa kijiji walilima kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kazi ilibadilika kwa msimu na kwa umri, wala hapana aliyemwona kijana amepotea kwa kuwa mwaka huu hakwenda Eyasi.

Ajira ya mshahara ndiyo iliyoleta hali tunayoiona sasa, ambapo mtu huitwa kwa kazi yake: mwalimu, mlinzi, dereva, karani. Jina hilo likimkaa vibaya, hudhani hana budi kuchagua kati ya kulivaa hadi kustaafu na kulitupa njiani usiku. Zipo njia nyingine, lakini kabla ya kuzitaja tulijibu swali ambalo wengi hulipita haraka.

Umechoshwa na nini hasa?

Mtu anaposema amechoka na kazi, huenda anasema moja ya mambo matatu yasiyofanana. Huenda kazi yenyewe haimfai: mwenye kupenda kuongea na watu amefungiwa chumba cha hesabu. Huenda kazi anaipenda, ila mahali panamwumiza: kituo kiko mbali na mke au mume, nyumba hakuna, maji ni ya kununua. Au kazi na mahali vyote vinampendeza, lakini aliye juu yake anamdhalilisha, anamchelewesha mshahara, anamtaka kwa maneno yasiyofaa.

Tofauti hii ina uzito. Mwenye tatizo la mahali akiacha taaluma nzima, ameng'oa mti kwa sababu ya tawi moja. Kwa mtumishi wa umma, uhamisho huombwa kwa utaratibu kupitia Afisa Utumishi, na hata ukichelewa si sawa na kuanza upya. Mwenye tatizo na mkuu wake ana njia ya malalamiko, na katika sekta binafsi anayo sheria, kama tutakavyoona. Aliyebaki ni yule wa kwanza, ambaye kazi yenyewe imemkataa moyo. Huyo ndiye anayestahili kupanga kuondoka, na kwake ushauri wa kuvumilia tu, tunaousikia kila kikao cha ukoo, hauna msaada mkubwa. Mwalimu asiyependa kufundisha anaposalia darasani miaka ishirini, hasara haimpati peke yake. Kata nzima inailipa, kwa watoto.

Namna ya kujipima ni rahisi. Jiulize: kama mshahara ungeongezwa maradufu, na mkuu akabadilishwa, na kituo kikawa jirani na nyumbani, je, ungeamka asubuhi ukaenda kwa hiari? Jibu likiwa ndiyo, tatizo lako halipo kwenye kazi.

Karani wa Mwadui na mizani ya pamba

Upo mfano kutoka kwetu unaostahili kusomwa polepole. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma. Akiwa kijana, katika miaka ya 1945 hadi 1947, alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui. Kwa Mwafrika wa zama hizo, kalamu na daftari chini ya paa la mgodi ilikuwa ajira ya kutamaniwa. Aliiacha. Akaenda Mwanza, akafanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa mji huo, akawa katibu wake.

Sasa tazama kilichofuata. Kilio kikubwa cha wakulima wa pamba wa Usukuma wakati huo, na sisi tukiwamo kwa kuwa sehemu hizi zilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, kilikuwa mizani. Mkulima alibeba pamba yake hadi kituo cha ununuzi, mnunuzi akapima, akataja uzito na akalipa. Mkulima asiyejua kusoma mizani wala kuandika hakuwa na njia ya kuhakiki. Ushirika wa Mwanza ukaweka wapimaji wa kujitegemea, watu wa kusimama pembeni ya mizani upande wa mkulima na kumwambia uzito wa kweli. Kutoka hapo, mwaka 1952, Bomani akaongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Vyama vya msingi vikaota kila pembe. Mwaka 1955 vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na baadaye, mwaka 1968, likazaa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Bomani mwenyewe aliingia serikalini, akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha baada ya Uhuru, na baadaye Balozi wetu nchini Marekani.

Watu wengi humkumbuka kwa uwaziri. Mimi hukumbuka zaidi daftari la Mwadui. Alipoacha mgodi hakuiacha hesabu. Aliibeba akaipeleka mahali ilipokosekana. Wakulima walikuwa na jasho na walikuwa na pamba. Walichokosa ni mtu wa kusoma namba kwa niaba yao.

Kwa hiyo anayepanga kuacha kazi na akae chini siku moja aandike, kwa maneno ya kawaida, anachojua kufanya, kando na cheo chake. Mlinzi wa miaka minne anajua kuandika kitabu cha matukio, kutambua sura na kuwa macho usiku. Mama lishe anajua kununua kwa jumla, kukadiria watu mia bila kubakiza chakula, na kukopesha wateja bila kufilisika. Huo ni uhasibu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Mwalimu anajua kupanga juma zima na kueleza jambo gumu kwa watu wasiotaka kusikiliza. AMCOS zetu, ambazo mkulima huuza pamba kupitia kwao, bado zinahitaji makatibu na makarani waaminifu wa mizani.

Sheria inasemaje

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, sheria ya msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nitaeleza vifungu vinavyomhusu anayeondoka, na namwomba msomaji asiharakishe hapa, kwa sababu hapa ndipo fedha inapopotea.

Kwanza, notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa. Haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku za notisi hazihesabiwi sambamba na siku za likizo. Anayetoa notisi kisha akakataa kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kumkata katika malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Kijana anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi na kuondoka bila kutumikia notisi yake anaweza basi kukuta mshahara karibu wa mwezi mzima umemezwa.

Pili, utoro. Kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ndilo lililonipata. Mtu anadhani ameacha kazi, ilhali kwenye karatasi amefukuzwa. Tofauti hiyo atakutana nayo siku atakapoomba kazi nyingine.

Tatu, malipo ya mwisho. Hata aliyeacha kwa hiari yake anadai mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo aliyostahili asiichukue. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 mfululizo. Anadai pia cheti cha utumishi. Hicho cheti kisheria si hisani ya mwajiri. Aliyechukuliwa Simiyu akapelekwa kufanya kazi mkoa mwingine aulize vilevile kuhusu kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, kwani sheria inalizungumzia.

Nne, kiinua mgongo. Hapa wengi hukosea. Malipo haya, ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, yasiyozidi miaka 10, humlenga aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutumikia angalau miezi 12, wala si yeye aliyeacha mwenyewe. Kwa yule kijana wetu wa shilingi 260,000, ambaye siku yake moja ya kazi ni sawa na shilingi 10,000, miaka 6 ingekuwa siku 42, yaani shilingi 420,000. Akisikia kampuni inapanga kupunguza wafanyakazi, basi, asikimbilie kuandika barua ya kuacha wiki moja kabla.

Tano, na hili ni la wenye mkuu dhalimu. Mfanyakazi akilazimika kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, sheria inaweza kuhesabu kwamba ameachishwa, japo barua ni yake. Asiposaidiwa kazini, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi mikoani. Madai ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine kama ya mishahara isiyolipwa ndani ya siku 60. Siku hizo hazingoji mavuno. Wako wanaorudi kijijini, wakapumzika, wakalima, na kulikumbuka dai lao mwezi wa tano.

Mwenye mkataba wa muda maalumu aangalie zaidi. Mkataba wa miaka miwili ni ahadi ya miaka miwili kwa pande zote, na anayeuvunja katikati bila kifungu kinachomruhusu anaweza kudaiwa hasara. Watumishi wa umma wao wana kanuni na taratibu zao, na mahali sahihi pa kuanzia ni kwa Afisa Utumishi, kabla ya kumweleza mtu mwingine yeyote.

Fedha iliyokatwa na fedha unayodaiwa

Katika mshahara wa sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Kwa watumishi wa umma walio PSSSF, mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia 15. Fedha hii haipotei kwa kuacha kazi, lakini wala haimiminiki mkononi siku unapoondoka. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, pamoja na umri: 55 kwa kustaafu kwa hiari, 60 kwa lazima. Mwenye miaka 13 ya michango anayeacha kazi leo afahamu kwamba amebakiza miezi 24 tu, na kwamba aliyejiajiri anaweza kuendelea kuchangia mwenyewe NSSF. Mafao ya kukosa ajira nayo, yaliyowekwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, hayakukusudiwa kwa aliyeacha kwa hiari. Wapo waliopanga kununua bodaboda kwa fedha hiyo kabla ya kuuliza, na wakabaki na mpango bila pikipiki.

Kabla ya kuandika notisi, omba taarifa ya michango yako. Ukikuta miezi ambayo ulikatwa lakini haikuwasilishwa, ni rahisi kuifuatilia ukiwa bado ndani kuliko ukiwa Lingeka.

Kisha madeni. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara haufi mshahara unapokoma. Hali kadhalika mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa aliyeajiriwa, hubaki kuwa deni baada ya ajira. Kuhusu mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu sina mengi ya kusema, ila kwamba anayeiongeza ili apate nauli ya kuacha kazi hajaacha kazi. Amebadilisha mwajiri, na huyu mpya halipi.

Daraja kati ya kazi mbili

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, shule ya Mtakatifu Fransisko, TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York, aliacha ualimu huo ili kukitumikia chama. Hakuuacha kwa kuuchukia. Alikuwa akisema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimkuta njiani. Sehemu inayosahaulika ni miezi iliyofuata. Chama kilikuwa kichanga, na nyumbani kulikuwa na familia. Alirudi kwao Musoma, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hii, naye alihitaji daraja: kazi ndogo, halali, inayotumia ujuzi alionao, ya kumvusha kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Tusione haya sisi. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, daraja la chini ni akiba ya chakula na kodi ya miezi mitatu, na shughuli mpya iliyokwisha kujaribiwa mwishoni mwa wiki, ikauza, ikapata hasara ya kwanza, ikauza tena. Kwa mkulima hesabu ni tofauti, kwani kipato chake cha pamba huja mara moja kwa mwaka. Daraja lake ni msimu mzima.

Wakulima nao husema wamechoka, nao wana haki ya kusema. Bei ya pamba ikishuka, utawasikia wakiapa kwamba mwakani hawapandi hata mche. Anayetaka kubadilisha na aanze na sehemu ya shamba. Kwenye mbuga zetu za udongo mweusi, dengu hupandwa mvua zikielekea ukingoni na kuishi kwa unyevu uliobaki, kwa hiyo haigombani sana na kazi za mwanzo wa msimu. Alizeti na mtama vinajulikana hapa. Afisa Ugani wa kata atakuambia ni kipi kinaifaa ardhi yako. Jirani atakuambia tu kilichomfaa yeye.

Zipo huduma za umma za kujengea daraja hilo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa hasa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na masharti yake yanawalenga wasio na ajira rasmi, jambo ambalo mwenye kupanga kuacha kazi alizingatie katika ratiba yake. Usajili wa kikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mkoani kwetu wapo vijana waliojiunga wakasindika maziwa Meatu na kutengeneza chaki Maswa. Kazi hizo hazikuwapo kwenye orodha ya kazi ambazo wazazi wao waliwatakia.

Fundi aliyejifunza chini ya mti, kwa macho na kwa kukosea, ana njia yake pia. VETA inaendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa akifanya kazi, hufundishwa kile kilichopungua, kisha hupewa cheti. Mwashi mwenye cheti huweza kuomba kazi ambazo mwashi bila cheti huzitazama kwa mbali. Aliyeacha ajira akarudi kwenye ufundi wa ujana wake asiudharau mlango huu.

Na mwenzi wako ajue. Nimeona nyumba zikitikisika si kwa sababu ya mshahara uliokoma, bali kwa sababu mama wa nyumba alizisikia habari hizo kisimani.

Mfano wa barua

Wakazi kadhaa hushindwa kutoa notisi kwa sababu tu hawajui barua inaandikwaje. Ifuatayo yatosha kwa anayelipwa kwa mwezi. Jaza sehemu zilizo wazi kwa mkono wako.

Jina na anwani yangu: ..............
Tarehe: ..............

Kwa Meneja,
(jina la mwajiri) ..............

YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi .............., niliyeajiriwa tangu tarehe .............. katika nafasi ya .............., natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia tarehe ya barua hii. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe ..............

Sababu ya kuacha kazi ni ..............

Nitaendelea na majukumu yangu na kukabidhi vifaa vyote nilivyopewa kabla ya siku hiyo. Naomba niandaliwe mshahara wangu wa mwisho, malipo ya likizo ambayo sijaichukua, na cheti cha utumishi.

Nashukuru kwa muda niliofanya kazi hapa.

Sahihi: ..............

Andika nakala mbili. Moja ibaki kwa mwajiri. Ya pili iandikwe tarehe ya kupokelewa na sahihi ya aliyeipokea, na kama upo muhuri igongwe, kisha uihifadhi pamoja na mkataba na hati zako za malipo. Akikataa kuisaini, mpelekee mbele ya shahidi na uandike jina la shahidi huyo nyuma ya nakala yako. Asiyeweza kuandika amwone Mtendaji wa Kijiji au mwalimu wa shule iliyo karibu amsaidie kuandika, kisha barua asomewe yote kabla ya kuweka dole gumba.